Kiwiko Kilichovunjika: Kazi Huanza Plasta Ikitolewa



Katika somo hili tutazungumza juu ya kiwiko kilichovunjika. Wengine huita kisugudi. Ni pale mkono unapokunjika katikati. Tutazungumza hasa juu ya kiwiko kinachotibiwa bila kupasuliwa, na juu ya miezi inayofuata baada ya plasta kutolewa. Miezi hiyo watu wengi huisahau. Mfupa umeunga, mgonjwa amerudi bomani, majirani wanasema amepona. Kumbe mkono wenyewe haukunjiki wala haunyooki.

Jambo hili limemkuta mmoja wetu tunaotengeneza ukurasa huu. Ni mama, mkazi wa Piyaya, wilaya ya Ngorongoro. Mwenyewe ametuambia tulieleze, ila jina lake tusiliandike. Basi tutamwita Yeyo, maana ni mama yetu.

Yeyo alianguka kutoka juu ya punda akienda kuteka maji. Aliangukia mkono wa kushoto. Kiwiko kikavimba siku ile ile. Ninyi mnaoishi Piyaya mnajua habari ya njia zetu. Sisi tuko upande wa mashariki wa Serengeti, na hospitali ziko mbali. Hospitali ya Wasso iko kaskazini, Loliondo. Hospitali ya Endulen iko kusini. Mvua ikinyesha gari halipiti. Yeyo alifika hospitali siku ya pili. Akapigwa picha ya eksirei. Mfupa ulikuwa umepata ufa karibu na kiungo, lakini vipande havikuachana. Akafungwa plasta ngumu, ile watu wanayoiita hogo. Akaambiwa arudi baada ya wiki tatu.

Hakurudi baada ya wiki tatu. Mvua zilikuwa nyingi, na mifugo ilikuwa imehamishwa. Alirudi wiki ya saba. Plasta ilipotolewa mkono ulikuwa umekauka kama mpini wa jembe, umekunjika, haunyooki. Alipofika nyumbani shemeji yake alimwonea huruma. Ni mtu mwenye nguvu. Alimkalisha chini, akaukanyaga mkono wa juu kwa goti, akauvuta ule wa chini ili unyooke. Yeyo alipiga kelele hata mbwa wakakimbia. Siku ya pili kiwiko kilivimba tena, kikawa cha moto. Baada ya wiki chache mbele ya kiwiko palikuwa na kitu kigumu kama jiwe. Picha ya pili ilionyesha mfupa mpya umeota ndani ya nyama.

Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajui. Na sisi pia tulikuwa hatujui, ndiyo sababu tunaandika.

KIWIKO CHA MBUZI NA CHA MTU

Sisi wafugaji tunavijua viungo. Hebu kumbuka unapochinja mbuzi na kukata mguu wa mbele. Ukifika kwenye kiungo cha juu, kisu hakipiti hivi hivi. Unatafuta njia. Mfupa mmoja una vinundu, mwingine una shimo, na ile ncha ya nyuma inaingia mahali pake kama kitasa. Hapana nafasi ya bure.

Kiwiko cha mtu kiko vivyo hivyo. Mifupa mitatu inakutana pale: mmoja wa mkono wa juu na miwili ya mkono wa chini. Kiungo cha bega ni kipana, kina nafasi. Kiwiko kimebanwa. Tena kimezungukwa na mfuko wa ngozi laini ya ndani. Ukivunjika, mfuko huo hujaa damu, halafu hukakamaa na kusinyaa kama ngozi mbichi iliyoachwa juani. Ndiyo maana kiwiko kikifungwa muda mrefu huwa kigumu upesi kuliko viungo vingine vingi. Mtu mzima akikaa na plasta kwenye kiwiko zaidi ya wiki tatu hivi, hatari ya kukakamaa inazidi.

Sasa utauliza: mbona wengine hupasuliwa na wengine hawapasuliwi? Mganga hutazama picha. Kama vipande vya mfupa havikuachana, au vimeachana kidogo tu, mfupa utaunga wenyewe. Mtoto ambaye mfupa wake umesogea kidogo anaweza kupewa dawa ya usingizi, mganga akaurudisha kwa mikono, akaufunga. Lakini kama vipande vimeachana sana, au mfupa umetoboa ngozi, au kiungo kimechomoka na hakikai, hapo mara nyingi kisu kinahitajika. Kwa hiyo usifikiri kwamba aliyefungwa plasta tu amedharauliwa kwa sababu hana fedha.

Hata katika nchi tajiri mambo ni hayo. Mwaka 2017 madaktari wa Edinburgh, kule Uskoti, walitangaza matokeo ya wazee 19 wenye miaka 75 na zaidi. Wote walikuwa wamevunjika ile ncha ya nyuma ya kiwiko, na vipande vimeachana. Wazee 8 hawakupasuliwa, 11 walipasuliwa. Kati ya wale 11 waliopasuliwa, 9 walipata matatizo. Madaktari wakasimamisha majaribio kabla ya muda wake. Na walipolinganisha jinsi wazee walivyoweza kuitumia mikono yao, hawakuona tofauti. Habari hii ni ya wazee. Kijana mwenye mfupa wa namna ile ni shauri jingine, na mganga atasema.

SIKU ZA KWANZA

Hapa tusipite haraka, maana mkono unaweza kupotea kabisa.

Karibu na kiwiko hupita mshipa mkubwa wa damu na mishipa ya fahamu. Kiwiko kikivimba ndani ya kitu kilichobana, damu haipiti. Nyama ya mkono hufa kwa muda wa saa chache tu, si siku. Daktari mmoja Mjerumani, Richard von Volkmann, aliandika habari hii mwaka 1881. Aliona watu waliovunjika mkono wakafungwa kwa nguvu mno. Nyama zao zilikauka, vidole vikajikunja kama kucha za tai, visifunguke tena. Mpaka leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake.

Jambo hilo linaweza kutokea kwa plasta ya hospitali. Linaweza kutokea kwa vijiti na kamba za fundi wa mifupa wa kijijini. Kinachoua ni kubana. Kwa hiyo angalia vidole vya mgonjwa usiku na mchana katika siku mbili tatu za kwanza. Je, vina joto? Je, ana hisia akiguswa? Je, anaweza kuvinyoosha? Ukivinyoosha wewe taratibu, je, anaumia sana mkononi? Kama maumivu yanazidi badala ya kupungua, au vidole ni baridi, vimepauka, au vimekufa ganzi, legeza kitu kilichofungwa saa ile ile. Kama ni kamba, kata. Kama ni plasta ngumu, mpeleke hospitali usiku huo huo, usingoje kukuche. Barabara ikiwa mbali na kituo cha afya ni karibu, nenda kituoni kwanza wampasulie plasta. Mfupa utafungwa tena kesho. Nyama iliyokufa hairudi.

Kama mambo ni salama, mkono ukae juu, uning'inizwe shingoni kwa kitambaa. Na kazi ya kwanza ianze siku hiyo hiyo: kufumba na kufumbua vidole, mara kumi, kila saa unapokuwa macho. Bega nalo lisilale. Mara chache kwa siku uinue mkono mzima juu ya kichwa, pamoja na plasta yake, kama mganga hakukataza. Tumewaona watu waliopona kiwiko wakabaki na bega bovu kwa uvivu wa wiki nne.

Halafu andika. Sasa unajua kuandika, basi usitegemee kukumbuka. Chukua daftari uandike tarehe ya kuvunjika, tarehe ya kufungwa, na tarehe ya kurudi. Mganga anaweza kutaka uje wiki ya kwanza au ya pili kupiga picha nyingine, maana mfupa ambao haukusogea unaweza kusogea baadaye. Ukiona mvua zinakuja, au boma linataka kuhama, mwambie mganga mapema. Labda atakupa mpango mwingine. Yeyo anasema kama angeandika ile tarehe na kuwaonyesha watoto, wangemkumbusha, na pengine angelala kwa ndugu karibu na Wasso siku chache.

MIEZI YA KAZI

Plasta ikitolewa, mkono huwa mwembamba, ngozi inabanduka, nywele zimeota. Usishtuke. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, paka mafuta kidogo ngozi ilainike. Mafuta ya kondoo hayana ubaya yakipakwa polepole juu ya ngozi. Ubaya ni kusugua kwa nguvu na kukandamiza kiwiko. Nyama iliyoumia karibu na kiwiko ina tabia ya ajabu: ukiichokoza, huota mfupa. Ndilo jambo lililompata Yeyo.

Kwa hiyo kumbuka jambo hili moja kuliko mengine yote ya somo hili: MKONO UNYOOSHWE NA MWENYEWE, KWA NGUVU ZAKE MWENYEWE. Asiuvute shemeji, wala mume, wala fundi. Asiusugue mtu. Na usibebe ndoo au dumu la lita 20 ukifikiri uzito utaunyoosha. Tumesikia shauri hilo katika maboma mengi. Si shauri zuri. Nyama ikivutwa kwa uzito hujikaza kupinga, na kiwiko hukakamaa zaidi.

Mazoezi aliyofundishwa Yeyo safari ya pili ni rahisi, hayataki chombo. Lakini usiyaanze kabla mganga hajasema mfupa unaweza kuvumilia.

Lala chali juu ya ngozi. Inua mkono uelekee juu, kama mtu anayeuliza swali darasani. Sasa acha mkono wa chini ushuke wenyewe taratibu kuelekea kwenye paji la uso au begani. Usiusukume. Ukifika mwisho wake, ngoja huku ukihesabu mpaka kumi, kisha uinue tena. Fanya hivyo mara kumi.

Halafu kaa. Kunja shuka, uliweke chini ya mkono wa juu, karibu na kiwiko. Kiganja kitazame juu. Acha mkono ujinyooshe kwa uzito wake wenyewe tu. Ngoja, kisha kunja tena.

La mwisho, bana kiwiko ubavuni. Geuza kiganja juu, kama mtu anayepokea sukari dukani. Kisha kigeuze chini. Watu husahau zoezi hili. Lakini bila kugeuza kiganja huwezi kupokea chenji wala kunawa uso.

Fanya hayo mara nne au tano kwa siku, kidogo kidogo. Ni afadhali mara tano za muda mfupi kuliko mara moja mpaka machozi yatoke. Utasikia maumivu, hilo haliepukiki. Maumivu yakitulia baada ya muda mfupi, endelea. Lakini kesho yake kiwiko kikiwa kimevimba na kina joto, umezidisha. Punguza, usiache.

Kazi ndogo za nyumbani ni dawa pia. Yeyo alianza kwa kutunga shanga, halafu kushika kikombe, halafu kufagia. Kukamua kulichelewa. Ninyi mnajua mama anavyokamua kwetu: mkono mmoja unashika kibuyu, mwingine unakamua, na ng'ombe hangoji. Ule wa kushoto ndio wa kibuyu. Kwa miezi mitatu binti yake alimkamulia. Yeyo hakufurahi, kwa kuwa binti alikuwa anachelewa shule. Basi watu wa nyumbani wakapanga zamu, na hata kaka wa yule binti aliingia zamuni. Wazee walicheka kuona mvulana anakamua. Lakini maziwa yalipatikana na msichana aliwahi shule.

Mizigo mizito, kama kuni na maji, na kukandika paa la nyumba, ingoje miezi mitatu hivi, na mganga aseme ndiyo.

PIMA, UANDIKE

Mkono hupona polepole mno hata macho hayaoni. Mtu hukata tamaa na kuacha mazoezi wakati bado unaendelea kupona. Dawa yake ni kupima.

Kunja mkono kadiri unavyoweza, dole gumba lielekee begani. Mwenzako aweke vidole katikati ya dole gumba na bega, ahesabu vinaingia vingapi. Pima siku moja kila wiki, siku ya mnada ukipenda, usisahau. Andika katika daftari. Wiki ya kwanza Yeyo aliandika vidole 12. Mwezi wa pili aliandika 9. Kulikuwa na wiki tatu nzima za 9, 9, 9, akataka kutupa daftari. Wiki iliyofuata ikawa 8.

Sehemu kubwa ya kupona huonekana katika miezi mitatu mpaka sita ya kwanza. Halafu mwendo ni wa kobe, lakini upo, mpaka mwaka mmoja na wakati mwingine zaidi.

Je, mkono utarudi kama zamani? Tuseme kweli. Mara nyingi haunyooki kabisa kabisa. Lakini si lazima unyooke kabisa ili ufanye kazi. Shika daftari lako utazame kona yake. Ile ni pembe ya nyuzi 90. Mkono ulionyooka kabisa ni nyuzi 0, na uliokunjwa mpaka mwisho ni kama nyuzi 140 na kidogo. Mwaka 1981 madaktari wa Marekani walipima watu 33 wenye afya wakifanya kazi 15 za kila siku, kama kunywa na kufungua mlango. Waliona kazi nyingi hufanyika kati ya nyuzi 30 na 130. Yaani mkono usionyooka kidogo, wala kukunjika mpaka mwisho, bado ni mkono wa kazi. Kipimo chetu cha bomani ni hiki: je, unafika mdomoni? Je, unafunga shuka begani? Je, unajisafisha chooni? Ukiweza hayo, umepata sehemu kubwa.

WATOTO

Watoto wetu huanguka kutoka mitini na migongoni mwa punda, na kiwiko ni mfupa wanaouvunja mara nyingi. Habari njema ni kwamba mfupa wa mtoto huunga upesi, mara nyingi wiki tatu mpaka nne. Na mtoto hahitaji mazoezi ya kulazimishwa. Mwache acheze. Atautumia mkono mwenyewe siku asiyofikiri. Baada ya miezi kadhaa utamwona layoni anarusha rungu kama wenzake. Ukimvuta utamharibu.

Mara nyingine kiwiko cha mtoto huunga kimepinda, mkono ukaelekea ndani. Unaonekana vibaya, lakini kwa kawaida hufanya kazi.

Kuna aina moja inayodanganya. Ni kuvunjika kwa upande wa nje wa kiwiko. Kivimbe ni kidogo, mtoto anasogeza vidole, wazazi wanasema ameteguka tu. Kipande kile kisipounga, mkono hupinda kuelekea nje kadiri mtoto anavyokua. Nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, hupita mshipa wa fahamu. Ni ule unaokupa shoti mpaka kidole kidogo unapogonga kiwiko. Mkono ukipinda, mshipa ule huvutwa mwaka hata mwaka. Pengine miaka kumi au ishirini baadaye, mtu mzima anaanza kusikia ganzi katika kidole kidogo na cha pete. Nyama ya kiganja inapungua. Anadhani amerogwa, kumbe ni ule mti wa utotoni. Kwa hiyo mtoto akianguka na kiwiko kikauma upande wa nje kwa siku kadhaa, apigwe picha.

Mtu mzima naye arudi hospitali kama ganzi ya vidole inaanza, au usaha unatoka, au miezi mitatu imepita na hesabu ya vidole haisogei kabisa, au inarudi nyuma. Kiwiko kilichokakamaa sana, au chenye mfupa ulioota, mara nyingine husaidiwa kwa kupasuliwa baadaye. Kazi hiyo ni ya mabingwa wa mifupa, kama wale wa KCMC pale Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, au wa Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Mganga wa wilaya ndiye anayeandika barua ya kukupeleka.

Yeyo hakupelekwa. Ule mfupa ulioota uliacha kukua, akaendelea na mazoezi yake mwaka mzima. Mkono wake haunyooki mpaka mwisho, na asubuhi za baridi unauma. Wajukuu wanamwigiza anavyotembea ameukunja kama anabeba ndama. Daftari lake analo bado. Ukurasa wa mwisho umeandikwa vidole 4, na chini yake kwa herufi kubwa: LEO NIMEKAMUA NG'OMBE WATATU.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi: Katika boma lenu, nani amevunjika kiwiko, na alifanya nini baada ya plasta kutolewa? Mvua zikifunga njia, mgonjwa mwenye tarehe ya kurudi hospitali angelala kwa nani?